Mabomba tisa na kikao kimoja: shajara ya kuutetea mto

Wiki ya 1

Lengo limeandikwa kwa sentensi moja kabla ya kununua hata chupa: mamlaka ya vibali isiidhinishe makazi mapya ya mteremko wa juu mpaka mabomba yanayomwaga majitaka mtoni yazibwe, na kituo cha kusafisha majitaka kithibitishe kuwa kina nafasi ya kupokea kaya zaidi.

Sentensi hiyo imeshatupunguzia kazi. Hatupimi metali nzito wala viuatilifu. Ni vipimo vya gharama kubwa, na hakuna uamuzi ulioko mezani unaovingoja. Tunapima amonia, oksijeni iliyoyeyuka, uasidi (pH), joto, upitishaji umeme, tope, bakteria wa E. coli (dalili ya kinyesi), na wingi wa maji yanayopita.

Kila kipimo kimechaguliwa kwa sababu ya pingamizi tunalojua litakuja. Yako manne, na kila anayetetea mto atakutana nayo: uchafu unatoka juu zaidi, mto una maji mengi hivyo unajisafisha, vipimo vya wananchi haviaminiki, ujenzi wenyewe ni mdogo. Tukisubiri kikaoni ndipo tuanze kutafuta majibu, tutakuwa tumechelewa miezi mitatu.

Wiki ya 2

Tumetembea mto wote kwa miguu, kutoka daraja la chini hadi juu ya eneo linalotarajiwa kujengwa. Matembezi yamefanyika baada ya saa 72 bila mvua, na sharti hili halina mjadala. Bomba la maji ya mvua halina sababu ya kutiririka siku tatu baada ya mvua kukoma. Likitiririka, ama ni chemchemi iliyopenya kwenye bomba, ama bomba la maji safi limepasuka, ama kuna mtu ameunganisha choo, bafu au karakana mahali pasipostahili.

Mabomba 9 yameorodheshwa. Kwa kila moja tumeandika kipenyo, malighafi (zege, plastiki, chuma), ukingo, kina cha maji ndani yake, harufu, rangi, utando wa kijivu kwenye mawe, na picha yenye rula ndani ya fremu. Ukingo wa kushoto ni ule ulio kushoto kwako ukitazama maji yanakoelekea. Watu wawili walitazama maji yanakotoka na fomu zao zimekuja na ukingo uliogeuka, ikabidi mabomba manne yarudiwe. Sasa mshale wa mkondo umechorwa juu kabisa ya fomu.

Picha zisipitie WhatsApp kama picha za kawaida. Programu hiyo huzibana na kuondoa taarifa za mahali na saa zilizomo ndani ya faili. Zitumwe kama hati, au zihamishwe kwa waya.

Jambo jingine la fomu: usiandike "kiwanda kinatiririsha sumu". Andika "bomba la zege, kipenyo sm 30, ukingo wa kushoto, maji ya kijivu, harufu ya majitaka, saa 1:40 asubuhi". La kwanza ni tuhuma, na linaweza kukupeleka mahakamani. La pili ni ushahidi.

Mabomba 4 kati ya 9 yanatiririka bila mvua.

Wiki ya 3

Vituo sita vya kupimia vimewekwa. Kimoja kiko juu ya mkondo, kabla ya mabomba yote, na hicho ndicho kinachojibu pingamizi la kwanza. Vinne viko chini ya mabomba yanayotiririka, kimoja kwa kila bomba. Cha sita kiko darajani.

Kosa kubwa katika kuweka vituo ni kuchota karibu mno na bomba. Maji ya bomba hayachanganyiki papo hapo. Hukumbatia ukingo na kusafiri nao umbali mrefu. Ukichota ukingo wa bomba utapata namba ya kutisha, ukichota ng'ambo utapata mto msafi, na mpinzani wako atakuonyesha ya pili. Tumetumia kipima upitishaji umeme: unavuka mto polepole ukisoma namba kila nusu mita, kisha unashuka mita 20 na kurudia, mpaka usomaji wa ukingo hadi ukingo ulingane. Hapo ndipo kituo. Kwa bomba la tatu ilibidi kushuka hadi chini ya kona ya pili ya mto.

Kipimo hicho hurekebishwa kila asubuhi kwa kimiminika sanifu cha maabara ambacho upitishaji wake unajulikana: 1413 µS/cm. Cha uasidi hurekebishwa kwa pH 4 na 7, na 10 ikiwa mto una mwani mwingi.

Usalama: watu wawili daima, glovu, na maji yakipita goti hakuna anayeingia. Siku hiyo sampuli inachotwa kwa ndoo kutoka darajani, na fomu inasema hivyo.

Wiki ya 4

Vipimo vya kwanza vya kemikali. Nusu ya matokeo hayafai, na sababu zote zilikuwa za kuzuilika.

Oksijeni. Sampuli zilichotwa saa nane mchana, mwani ukiwa unafanya kazi juani, na mto ukaonekana mzima kabisa. Usiku mwani na bakteria hutumia oksijeni bila kuirudisha, hivyo kiwango cha chini kabisa hupatikana kabla tu ya jua kuchomoza. Samaki hafi kwa wastani wa siku, hufa kwa saa ile moja mbaya. Kuanzia sasa oksijeni inapimwa mara mbili: saa kumi na moja alfajiri na saa tisa alasiri. Joto liandikwe kila mara, kwa sababu maji yaliyoshiba oksijeni usawa wa bahari yana takriban mg 9.1 kwa lita katika nyuzi 20, mg 8.3 katika nyuzi 25, na mg 7.6 katika nyuzi 30. Mita 1000 juu ya bahari toa zaidi kidogo ya asilimia 10. Bila joto, mg 6 haina maana.

Chupa ya oksijeni ijazwe chini ya maji na kufungwa humohumo. Kiputo kimoja cha hewa kinaharibu kipimo chote.

Amonia. Uasidi haukuandikwa kwenye fomu tatu, na zote tatu zimewekwa kando. Sumu kwa samaki ni ile amonia huru, na sehemu yake hubadilika sana kwa uasidi. Katika nyuzi 25, pH 7, ni nusu ya asilimia tu ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni karibu asilimia 5. Kwenye pH 9 ni asilimia 36. Mto uleule, majitaka yaleyale, lakini mchana wa jua kali mwani ukipandisha pH, hatari imeongezeka mara kadhaa.

Chupa zilioshwa kwa sabuni ya kawaida ya unga. Kwa bahati hatupimi fosfeti. Kama tungepima, tungekuwa tunapima sabuni.

Wiki ya 5

Wiki hii ni ya vizio, na tunaiandika kwa kirefu kwa kuwa ndiko ripoti nyingi za wananchi zinakofia.

Maabara moja huandika naitreti kama naitreti nzima, nyingine huandika naitrojeni iliyomo ndani yake tu. Tofauti ni mara 4.43. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mg 50 kwa lita kwa naitreti nzima, ambacho ni kilekile cha mg 11.3 kikiandikwa kama naitrojeni. Kwa fosfeti na fosforasi tofauti ni mara 3.07. Kwa amonia tofauti ni ndogo, mara 1.2, na kwa hiyo ni rahisi kupita bila kuonekana. Ukilinganisha namba ya maabara ya aina moja na kikomo cha aina nyingine, mtaalamu wa upande wa pili atasoma mstari mmoja tu, na ripoti nzima itakuwa imekwisha. Jedwali letu sasa lina safu ya pekee inayosema: "imeandikwa kama nini".

Pingamizi la tatu linajibiwa hapahapa. Katika kila sampuli kumi, moja inarudiwa bila maabara kujua, na chupa moja ya maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake inapelekwa mtoni, inafunguliwa, inafungwa, na kurudishwa kama sampuli nyingine. Ikija na amonia, uchafu umetoka kwetu. Kila chupa ina karatasi inayoonyesha nani aliichota, nani aliibeba, saa ngapi ilibadilisha mikono. Ofisa wa mazingira amealikwa kwa barua achote chupa yake kandokando na yetu. Akija, ubishi wa kuaminika unapungua sana. Asipokuja, barua ya mwaliko inaingia kwenye faili.

Wiki ya 6

Bakteria. Chupa za bakteria hazisuuzwi kwa maji ya mto. Zimetakaswa, na zile zenye dawa ya kuua klorini ndani zitapoteza dawa hiyo zikisuuzwa. Chupa nyingine zote husuuzwa mara tatu. Watu wawili walifanya kinyume, kwa kuwa maelekezo yalikuwa kwenye karatasi moja. Yametenganishwa.

Shika chupa chini ya uso wa maji, mdomo ukielekea yanakotoka, na acha nafasi ya sentimita 2 hivi juu ili iweze kutikiswa. Weka kwenye barafu, si kuigandisha. Ndani ya saa 6 iwe maabara. Sampuli tatu zilifika baada ya saa 8 na zimetupwa. Hakuna sababu ya kuzihifadhi namba ambazo hatuwezi kuzitetea.

Kwa uchunguzi wa haraka tunatumia sahani kavu zinazopokea mililita 1, saa 24 kwenye nyuzi 35. Udhaifu wake: koloni moja ni sawa na 100 kwa mililita 100. Kigezo cha Marekani cha mwaka 2012 kwa maji ya kuogelea ni wastani wa kijiometri wa 126 kwa mililita 100, na si zaidi ya asilimia 10 ya sampuli kuvuka 410. Sahani moja haiwezi kutofautisha mto ulio salama na usio salama karibu na kiwango hicho. Ndiyo maana kila kituo kinapewa sahani tano, na chochote kinachokaribia kikomo kinapelekwa maabara kamili.

Wastani huo wa kijiometri usichanganywe na wa kawaida. Chukua mfano wa sampuli tano: 80, 120, 150, 200 na 6000. Wastani wa kawaida ni 1310, wa kijiometri (mzizi wa tano wa zao la namba zote tano) ni 280 hivi. Ukitumia wa kwanza dhidi ya kikomo kilichowekwa kwa wa pili, umetia chumvi mara nne na zaidi, hata kama hukukusudia. Na 280 inatosha kabisa kusema mto haufai kuogewa.

Wiki ya 7

Wadudu wa majini. Wavu wa matundu ya milimita 0.5, dakika tatu za kukwangua mawe kwa miguu, trei nyeupe. Kituo cha juu, wadudu wa maji safi: wachanga wenye mikia mitatu, wachanga wenye mikia miwili, wale wanaojijengea vifuko vya mchanga. Darajani, wale wanaovumilia uchafu: minyoo, ruba, funza wekundu. Kemikali inaeleza siku uliyochota. Wadudu wanaeleza miezi iliyopita. Picha za trei mbili kandokando zimewekwa ukurasa wa kwanza wa ripoti, maana mjumbe wa kikao asiyejua amonia ni nini atazielewa kwa mara moja.

Wiki ya 8

Wingi wa maji. Hiki ndicho kipimo ambacho makundi mengi huruka, na bila hicho pingamizi la pili halina jibu.

Kipande kilichonyooka cha mita 10, kamba kila mwisho, kitu kinachoelea nusu ndani ya maji (chungwa linafaa, mpira mwepesi haufai kwa sababu upepo unausukuma). Kielee mara tano, tumia wastani. Upana na kina vipimwe mahali patatu. Kasi ya juu ya maji izidishwe kwa 0.85, kwa kuwa chini karibu na mawe maji huenda polepole. Mawe yakiwa makubwa na mengi, tumia 0.8.

Kwenye bomba: ndoo ya lita 10 na saa ya kusimamishwa. Bomba likiwa chini mno kwa ndoo, tumia mfuko mnene wa plastiki, kisha pima ujazo wake.

Hesabu yenyewe, kwa namba za mfano. Mto wa upana mita 4, kina 0.3, kasi ya juu mita 0.4 kwa sekunde: 4 × 0.3 × 0.4 × 0.85 ni mita za ujazo 0.408, yaani lita 408 kwa sekunde. Bomba linatoa lita 3 kwa sekunde zenye amonia mg 25 kwa lita: mg 75 kila sekunde. Ili kupata kilo kwa siku, zidisha mg kwa lita na lita kwa sekunde, kisha zidisha kwa 0.0864. Jibu ni kilo 6.5 kwa siku. Ndani ya mto huo amonia inapanda kwa mg 0.18 tu, na mwenye bomba atasema mnaona, si kitu. Sasa weka kiangazi, mto una lita 40 kwa sekunde. Bomba halikubadilika. Amonia inapanda kwa mg 1.74.

Kwa hiyo swali la kuiuliza mamlaka ni moja: kibali cha kumwaga kilikokotolewa kwa maji ya msimu gani? Wastani wa mwaka hauulindi mto. Nchini Marekani hutumika mara nyingi wastani wa chini kabisa wa siku 7 mfululizo unaotarajiwa kurudi mara moja kwa miaka 10, na mantiki yake inafaa popote penye kiangazi. Mto uko hatarini zaidi siku zake za umaskini, na kaya mpya zitaendelea kutumia choo siku hizo.

Wiki ya 9

Mvua. Sampuli zimechotwa ndani ya nusu saa ya kwanza ya maji kupanda, kwa ndoo, kutoka darajani. Maji hayo ya mwanzo hubeba mafuta, taka na udongo vilivyokusanyika tangu mvua iliyopita. Ukichota saa tatu baadaye umeukosa uchafu wenyewe. Matokeo ya mvua yanawekwa jedwali lake, yasichanganywe kamwe na ya ukavu.

Tope jekundu linatoka kiwanja kilichosafishwa mwezi uliopita. Kuna uzio wa kitambaa wa kuzuia udongo, na umeshindwa kwa sababu zote za kawaida. Ukingo wa chini haukufukiwa, wakati unatakiwa kuingia kwenye mtaro wa sm 15 na kushindiliwa. Nguzo ziko upande wa juu badala ya upande wa chini wa kitambaa, hivyo uzito wa maji unakibandua. Umewekwa kupanda na kushuka mteremko badala ya kuukata, maji yanaufuata hadi mwisho na kutoka. Na sehemu moja umepitishwa kukatiza mfereji. Kitambaa hicho ni cha kuchuja maji yanayosambaa, hakizuii mkondo. Kanuni ya kazi ni mita 30 za uzio kwa eneo lisilozidi robo ekari, na udongo uzolewe ukifika theluthi ya kimo.

Malalamiko yameandikwa siku hiyohiyo: tukio moja, barua moja. Barua yenye malalamiko sita hujibiwa lile jepesi.

Wiki ya 10 na 11

Ramani ya maeneo yasiyopitisha maji: paa, lami, zege, udongo ulioshindiliwa. Kazi ya mwaka 1994 ya Tom Schueler, mtaalamu wa maji ya mvua wa Marekani, ilionyesha kuwa mito huanza kudhoofika maeneo hayo yakifika karibu asilimia 10 ya bonde, na ikipita 25 mingi huwa imeharibika vibaya. Namba hizo si ukuta, ni mteremko, na tumeziandika hivyo.

Njia: chora mpaka wa bonde kwenye QGIS (programu ya ramani), tupa nukta za kubahatisha juu ya picha ya setilaiti, hesabu zilizoangukia kwenye paa na lami. Tulianza na nukta 200, na hapo tulikosea. Kwa nukta 200, jibu la asilimia 12 lina kosa la takriban 4.5 huku na huku, hivyo huwezi kusema 10 imepitwa. Kwa nukta 1000 kosa linashuka hadi 2. Zote 1000 zimehesabiwa na watu wawili kila mmoja peke yake, na zile walizotofautiana zikaamuliwa na wa tatu. Vivuli vya miti juu ya paa ndivyo vilivyoleta ubishi mwingi.

Hesabu ya mvua kwa kila hekta ndiyo inayobeba pingamizi la nne. Milimita 20 juu ya hekta moja ni mita za ujazo 200. Ikiwa ni kichaka, mita 20 hadi 40 hivi ndizo zitakazokimbilia mtoni. Ikiwa ni paa na lami, ni karibu 180, tena kwa dakika badala ya saa.

Mwombaji amegawa mradi katika maombi matano, kila moja likiwa chini ya ukubwa unaodai tathmini ya athari kwa mazingira. Tumeyaweka yote matano kwenye ramani moja, barabara moja ya kuingilia, bomba moja la majitaka. Ramani hiyo ina nguvu kuliko kurasa kumi za maelezo.

Wiki ya 12

Maombi ya taarifa yamewasilishwa kwa kituo cha majitaka, nakala ikagongwa muhuri na namba ya kumbukumbu: uwezo wa kituo kwa siku, kiasi kinachopokelewa kwa mwezi kwa miezi 24, na siku kilizomwaga bila kusafisha. Usiombe "taarifa zote". Omba jedwali unalojua wanalo.

Wiki ya 14

Kikao cha kusikiliza maoni. Pingamizi la maandishi liliingia siku nane kabla ya mwisho. Lililosemwa kwa mdomo tu mara nyingi halihesabiki kwenye rufaa. Dakika tatu kwa msemaji, wasemaji watano, kila mmoja ombi moja na ukurasa wake wa ripoti. Aliyezungumzia wadudu alisikilizwa kuliko wote.

Hatukuomba "mradi ukataliwe". Tuliomba masharti yenye namba: ukanda wa mita 30 kando ya mto usioguswa, ardhi isafishwe kwa awamu, na iliyoachwa wazi ifunikwe ndani ya siku 14, uzio wa udongo ukaguliwe kabla ya tingatinga kuingia, maji ya mvua yashikiliwe kiwanjani ili kasi ya kutoka isizidi ya kabla ya ujenzi, maombi matano yapimwe kama mradi mmoja, na hakuna kaya kuhamia kabla kituo hakijathibitisha nafasi kwa maandishi. Sharti lisilo na namba halikaguliki.

Wiki ya 16

Uamuzi: tathmini moja kwa maombi yote matano. Sharti la siku 14 limekubaliwa, la kukagua uzio pia. Ukanda umewekwa mita 15, si 30. Nafasi ya kituo haikutajwa popote kwenye waraka. Siku za rufaa zinahesabiwa tangu tarehe ya waraka, si tangu tulipoupata.

Mabomba: mawili kati ya manne yamekauka. Bomba la tatu bado linatiririka, na la saba linatiririka usiku tu. Kila moja limewekewa kipande cha pamba isiyo na dawa ya kung'arisha, ndani ya kikapu cha waya, kwa siku tano. Pamba iking'aa chini ya taa ya urujuanimno (UV), kuna maji ya kufulia ndani, kwa kuwa sabuni za kufulia huwa na dawa hiyo. Pamba nyingine ya aina hiyohiyo iko kituo cha juu kwa kulinganisha, na ya tatu imebaki kwenye mfuko wake.

Kazi za wiki ya 17: kutoa pamba Alhamisi, kupima oksijeni alfajiri vituo vyote sita, kuandika hoja mbili za rufaa, upana wa ukanda na ukimya kuhusu kituo, kurudia barua ya maombi ya taarifa, kwa kuwa miezi 9 kati ya 24 haimo kwenye jedwali walilotuletea, na yote tisa ni ya kiangazi.